Mtoza kodi aliyewatazama watu mara mbili



Ukimtajia kijana wa leo jina la Manchester, hata yule anayeendesha bodaboda kijijini kabisa, atakujibu kwa mpira. Atakutajia timu, wachezaji, kocha aliyefukuzwa na kocha aliyeletwa. Wachache watakutajia moshi, mvua na viwanda vya pamba. Na wachache zaidi watamtaja mzee mmoja mrefu, mwenye koti na kofia, aliyezunguka mitaa ya mji huo na ya Salford, mji jirani, akigonga milango ya wapangaji kukusanya kodi ya nyumba, huku mfukoni ana penseli na bahasha kuukuu za kuchorea. Alifanya hivyo kwa miaka 42. Jumapili hii naomba tumtafakari mzee huyo, Laurence Stephen Lowry.

Simleti mbele yenu kama mtakatifu. Lakini Bwana wetu alipofundisha hakuchagua mifano kwa manabii peke yao. Aliwatumia wavuvi, wachungaji, mwanamke anayekanda unga, hata wakili dhalimu wa Luka sura ya 16. Nasi turuhusiwe kujifunza kwa mtoza kodi.

Mtu wa ridhaa

Lowry alizaliwa tarehe 1 Novemba 1887, siku Kanisa linapoadhimisha Watakatifu Wote, huko Stretford, eneo ambalo leo mashabiki wa soka wanalijua kwa uwanja wa Old Trafford. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake alikuwa karani katika ofisi ya mambo ya nyumba na viwanja. Mama yake alikuwa mpiga piano mwenye matumaini makubwa ya maisha. Mwaka 1909 mambo ya fedha yalibana. Familia ikahama kutoka mtaa wa watu wenye nafasi, wenye miti na utulivu, kwenda Pendlebury, mahali pa viwanda vya pamba, migodi ya makaa ya mawe na nyumba za wafanyakazi zilizobanana kama vibanda vya soko.

Mama hakuuzoea mtaa ule. Kijana naye aliuchukia. Mwaka 1910 akaajiriwa na kampuni moja ya kupangisha nyumba, na kazi yake kubwa ikawa kuzunguka mlango kwa mlango akidai kodi. Wapendwa, mnajua anavyopokewa mtu wa namna hiyo. Mwezi ukifika mwisho, mwenye nyumba akibisha hodi, mtoto hutumwa aseme kuwa baba hayupo, na baba yuko nyuma ya pazia. Lowry aliishi kazi hiyo mpaka alipostaafu mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 65, akipokea pensheni yake kama karani mwingine yeyote.

Jioni, baada ya kazi, alikwenda shule. Tangu mwaka 1905 alihudhuria madarasa ya usiku ya sanaa mjini Manchester, ambako mwalimu wake alikuwa Mfaransa Adolphe Valette, na baadaye akaendelea Salford. Aliendelea na madarasa hayo kwa miaka mingi sana, wakati wenzake wa rika lake walikuwa wamekwisha kukaa kwenye majumba yao kula chakula cha jioni.

Kwa lugha ya kurasa zetu za michezo tungemwita mchoraji wa ridhaa, kama tunavyosema ngumi za ridhaa: mtu afanyaye jambo bila kulipwa mshahara kwa jambo hilo. Mimi nalipenda neno hilo. Ridhaa ni kukubali kwa moyo. Hata pale ofa za picha zake zilipoanza kuja, hakuacha kazi. Ila aliificha. Wataalamu wa sanaa walimjua kama mchoraji, na wengi wao walikuja kupata habari za ukarani wake baada ya kifo chake. Aliogopa wasije wakamdharau na kumwita mchoraji wa Jumapili, yaani mtu anayejifurahisha kwa rangi siku ya mapumziko. Nitarudi kwenye jina hilo, kwa maana linatuhusu sisi wa kanisani kuliko linavyowahusu wachoraji.

Treni iliyomwacha

Mwenyewe alisimulia kwamba siku moja ya mwaka 1916 aliachwa na treni katika stesheni ya Pendlebury. Badala ya kununa, akapanda ngazi kutoka kwenye reli. Mbele yake kulikuwa na kiwanda kikubwa cha kusokota pamba. Zamu ilikuwa inakwisha, na mamia ya wafanyakazi walikuwa wanamiminika kutoka getini. Hapo alisimama. Alikuwa amepita mahali pale kwa miaka saba. Siku ile ndiyo aliyopaona.

Tangu hapo mizunguko yake ya kudai kodi ikawa pia mizunguko ya kutazama. Akitoka kwenye mlango mmoja kwenda mwingine alisimama kidogo, akatoa karatasi yoyote iliyokuwa mfukoni, akachora haraka: watu wanaogombana, watoto wanaocheza, kibanda, mwanamume aliyejiegemeza ukutani. Usiku akivitumia vichoro hivyo kutengeneza picha kubwa za rangi. Rangi zenyewe zilikuwa tano tu: nyeusi, nyekundu, buluu, manjano ya udongo na nyeupe. Mwanzoni picha zilikuwa na giza mno. Mwalimu mmoja, Bernard Taylor, ambaye pia aliandika habari za sanaa katika gazeti la Manchester Guardian, alimweleza hivyo waziwazi. Lowry alikasirika, lakini alikwenda kujaribu, na tangu wakati huo akawa anaanza picha zake kwa kupaka weupe mtupu, kisha juu yake anawaweka watu. Ndiyo sababu watu wake wanaonekana kama wametembea juu ya karatasi safi.

Naomba tukae kidogo kwenye watu hao. Ukiitazama picha yake ya mwaka 1930 inayoonyesha wafanyakazi wakirudi kutoka kiwandani, mara ya kwanza utasema ni siafu. Wote wameinama mbele kidogo, wote miguu yao ni myembamba, wote wana mavazi meusi. Watu wa kwao waliwaita watu wa njiti za kiberiti, na baadhi walisema kwa dharau kwamba hata mtoto anaweza kuwachora. Sasa tazama tena. Utaona kwamba hakuna wawili wanaotembea sawa. Katika picha zake yupo anayevuta mkono wa mtoto, yupo aliyesimama kando peke yake, wapo wawili wanaopeana umbeya, yupo mbwa anayefuata asiyeitwa. Lile kundi kubwa linaanza kufunguka, na ndani yake unakuta mtu, na mtu, na mtu.

Kuna picha nyingine, ya mwaka 1935, iliyoko Liverpool. Gari la wagonjwa limesimama mbele ya mlango katika mtaa wa wafanyakazi. Siku hizo magonjwa ya kuambukiza kama dondakoo yaliwachukua watoto wengi, na gari lile lilipoingia mtaani, majirani walijua kuna atakayeondoka ambaye huenda asirudi. Gari ni dogo katika picha, na mgonjwa humwoni. Unawaona majirani wamekusanyika. Mtu anayekuja haraka atapita akidhani ni picha ya nyumba na kanisa kwa mbali. Anayetazama mara ya pili atajua kwamba katika mtaa ule kuna mama analia.

Mkono wa pili wa Bwana

Wapendwa katika Kristo, Injili ya Marko, sura ya 8, kuanzia aya ya 22, ina muujiza ambao haufanani na mingine. Yesu analetewa kipofu kule Bethsaida. Anamshika mkono, anamtoa nje ya kijiji, anamtia mate machoni, anamwekea mikono, kisha anamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa ukweli kabisa: anaona watu, lakini wanafanana na miti inayotembea. Bwana hakumwambia kwamba hiyo inatosha, aende zake. Alimwekea mikono mara ya pili, na hapo ndipo akaona kila kitu sawasawa.

Miaka ya seminari tulijadiliana sana kwa nini muujiza huu ulihitaji hatua mbili, kana kwamba nguvu ya Bwana ilipungua. Walimu wetu walituelekeza tutazame mahali Marko alipouweka. Umewekwa muda mfupi baada ya Yesu kuwauliza wanafunzi wake kwa masikitiko kama wana macho na hawaoni, na mara kabla ya Petro kumkiri kuwa ni Kristo, kisha kumkataza asiende msalabani. Petro naye alikuwa ameona nusu. Muujiza ule ni picha ya wanafunzi. Na ni picha yetu.

Wengi wetu tumepata kuona kwa mara ya kwanza. Si vipofu. Tunaona mlinzi getini, mama lishe chini ya mwembe, msichana wa kazi kwa jirani, kondakta, fundi viatu, mwalimu wa watoto wetu, yule bibi anayekaa benchi la mwisho kanisani na kuondoka kabla ya matangazo. Tunawaona kama miti inayotembea. Tunajua kwamba wapo, tunajua wanatufanyia nini, tunajua watatudai kiasi gani. Lakini mkono wa pili wa Bwana bado hatujaupokea.

Tazameni jinsi Bwana mwenyewe anavyoona. Katika Mathayo sura ya 9, watu wote waliopita pale forodhani walimwona mtoza ushuru, yaani mwizi na kibaraka wa Warumi. Mwinjili anaandika kwamba Yesu alimwona mtu, na anamtaja kwa jina. Katika Marko sura ya 12, Yesu anaketi, narudia, anaketi kuelekea sanduku la hazina, anatazama watu wanavyotoa, mpaka anamwona mjane mwenye senti mbili. Katika Luka sura ya 7, yule Mfarisayo Simoni amemkodolea macho mwanamke mwenye dhambi tangu alipoingia. Bado Yesu anamwuliza kama amemwona. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa mwaka 2015, anatukumbusha kwamba Yesu alikuwa hivyo hata kwa maua ya kondeni na ndege wa angani: alipokuwa mbele ya kitu au mtu, alikuwa pale mzima mzima.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima katika jambo hili. Tunasema kumwonea mtu, na maana yake ni kumdhulumu. Tukiongeza neno moja tu, tukasema kumwonea huruma, maana imegeuka kabisa. Ndilo lililotokea kwenye barabara ya Yeriko. Kuhani aliona. Mlawi aliona. Msamaria naye aliona, na Luka hataji kwamba macho yake yalikuwa makali kuliko ya wenzake. Tofauti ni ile huruma iliyofuata baada ya kuona, ikamfanya asogee karibu. Wale wawili waliona mara moja wakapita upande wa pili.

Jina juu ya msalaba

Katika parokia moja niliyowahi kutumwa, kulikuwa na mzee aliyesukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Mtaa ule bomba lilitoa maji siku moja kwa wiki, siku nyingine likitoa hewa, kwa hiyo kila nyumba ilimtegemea yeye. Alifika alfajiri, akashusha madumu, akapokea fedha yake, akaenda. Watu wote walimwita Mzee wa Maji, na kwa heshima kabisa. Hakuna aliyemtukana, na siku za sikukuu walimpa chakula.

Mzee yule alipofariki, jumuiya ilijitokeza vizuri. Walichanga, walipika, walikesha. Ndipo kijana fundi seremala aliyekuwa anatengeneza msalaba akaja na brashi yake na kopo la rangi nyeupe, akauliza aandike nini. Walitazamana. Mwenyekiti wa jumuiya akamwuliza katekista, katekista akamwuliza mama mwenye duka, na mama mwenye duka akasema yeye alimjua kwa Mzee wa Maji. Watu hao walikuwa wamefunguliana mlango naye kila alfajiri, baadhi kwa zaidi ya miaka kumi. Ilibidi wafungue kijisanduku chake. Ndani yake walikuta kitambulisho na, chini ya nguo, cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne. Kumbe alikuwa mwenzetu, Mkatoliki, aliyebatizwa akiwa mtoto katika jimbo la mbali, na jirani zake walisali Rozari nyumba ya tatu kutoka kwake bila kumwalika hata siku moja.

Wahenga walisema asiyekujua hakuthamini. Watu wale walimthamini kwa kadiri walivyomjua, na walimjua kwa madumu. Jina lake lipo sasa juu ya msalaba wake, na kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, jumuiya ile inalisoma kwa sauti. Ni jambo jema. Lakini mama mmoja aliniambia maneno ambayo yamekaa nami: kwamba lile jina lilikuwa zuri, na angependa kumwita nalo akiwa hai.

Taa ya saa nane usiku

Narudi kwa Lowry, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye yeye hakuhitaji kutoka nje ili amwone. Baba yake alifariki mwaka 1932, akaacha madeni. Mama akalala kitandani, na hakuinuka tena kwa miaka iliyobaki. Mtoto alikuwa mmoja, hakuwa na mke, na mama hakutaka kuhudumiwa na mwingine. Kwa hiyo mtu yule alizunguka mitaani mchana kutwa akidai kodi, akirudi akamhudumia mama na kukaa naye mpaka apate usingizi. Kisha, kama saa nne usiku, akapanda kwenye chumba chake akachora mpaka saa nane.

Alifanya hivyo kwa miaka saba. Na mama yake hakuzipenda picha zile. Yeye aliyeuchukia mtaa wa viwanda angewezaje kufurahia kuuona tena ukutani? Mwaka 1938 Lowry alichora uso wa mwanamume mwenye macho mekundu, na alieleza kwamba ulitokana na kujitazama kwenye kioo wakati wa uchovu ule. Mwaka uliofuata, 1939, kazi zake zilionyeshwa kwa mara ya kwanza peke yake mjini London, na jumba kubwa la sanaa la Tate likanunua picha moja. Oktoba ya mwaka huo huo mama akafariki.

Baadaye serikali ya Uingereza ilimpa heshima mara kwa mara. Mwaka 1955, mwaka 1961, mwaka 1968 alipotakiwa kuitwa Sir, na mara mbili zaidi katika miaka yake ya mwisho. Zote tano alizikataa. Moja ya sababu alizotoa ni kwamba haikuwa na maana tena, maana mama hakuwapo wa kuiona.

Wazazi wenzangu wa kiroho na wa kimwili, hapa pana somo la pande mbili. Kwa wana: mtu huyu alitimiza amri ya nne ya Mungu bila kupokea sifa, usiku baada ya usiku. Wapo kati yenu wanaofanya hivyo sasa hivi, wanaomgeuza mama kitandani, wanaomlisha baba uji, huku ndugu wengine wanatuma salamu kwa simu. Mungu aonaye sirini anawaona. Kwa wazazi: mtoto wako amekuletea daftari, amechora ng'ombe, gari, nyumba yenu, na wewe umetupa jicho ukasema akasome hesabu. Hesabu asome. Lakini chukua lile daftari ulitazame mara ya pili. Mwulize yule mtu mdogo kando ya nyumba ni nani. Pengine ni wewe. Neno zuri la mzazi halingoji mwana afanikiwe, na likichelewa, hata heshima ya mfalme au malkia hailifidii.

Tutajifunzaje kuona?

Najua wengine mnasema: Baba Padre, sisi hatuna muda wa kuchora picha, tunatafuta mkate. Lowry naye alitafuta mkate. Hakusafiri kwenda nchi za mbali kutafuta kitu kizuri cha kuchora. Alitumia ile ile njia ya kazini ambayo mwajiri wake alimlipa aipite. Kila mmoja wetu ana njia kama hiyo: kwenda sokoni, dukani, shambani, kituo cha daladala, kanisani.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wiki hii. La kwanza, chagua njia moja unayopita kila siku, uipite bila simu mkononi. Macho hayana pazia, walisema wazee, lakini sisi tumejitengenezea pazia la kioo tunalolishika kiganjani. La pili, chagua mtu mmoja unayemjua kwa kazi yake tu, umwulize jina lake na atokako. Usimpe hotuba wala kijitabu. Uliza, sikiliza, na kesho yake umwite kwa jina. La tatu, usiku, katika kutafiti dhamiri, pamoja na kuuliza umetenda dhambi gani, jiulize umemwona nani. Mwenye kipaji achore. Mwenye kuandika aandike. Asiye na vyote amtaje mtu huyo mbele ya Mungu katika sala ya jioni. Sala ya kumwombea mtu kwa jina ni kumtazama mara ya pili.

Ila tuwe na tahadhari. Kutazama si kushangaa. Mwaka 1926 Lowry alichora umati uliokusanyika kwa sababu mtu amepatwa na balaa. Umati umezingira, na aliyepatwa humwoni kabisa, amefunikwa na watazamaji. Nasi tunalijua hilo. Ajali ikitokea barabarani, mikono ishirini inainua simu, na mikono miwili tu inamwinua majeruhi. Mkono wa pili wa Bwana uliponya macho ili kipofu aone watu, na aliyeona mtu hawezi kumgeuza burudani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba uwezo huu hukua. Katika miaka ya ujana na utu uzima Lowry alichora makundi makubwa. Uzeeni, akiwa amehamia kijiji cha Mottram, alizidi kuchora mtu mmoja mmoja: mzee asiye na makazi, mwanamke mwenye ndevu, mtu mwenye ulemavu, watu ambao wengine tungegeuza shingo tusiwaone. Walipomwambia amezidisha chumvi, alisisitiza kwamba wote aliwaona kwa macho yake. Kutoka umati mpaka mtu mmoja. Ndiyo njia ya Mchungaji Mwema pia, anayewaacha wale 99.

Mkristo wa Jumapili

Lowry alifariki tarehe 23 Februari 1976, akiwa na miaka 88. Mwaka 2022 picha yake ya mwaka 1953, inayoonyesha mashabiki wakielekea uwanjani kutazama mpira, ilinunuliwa kwa pauni milioni 7.8 na jumba la sanaa la Salford linalobeba jina lake, ili wananchi waendelee kuiona. Kitu cha ajabu katika picha hiyo ni kwamba mpira wenyewe hauonekani. Wanaoonekana ni watu wanaokwenda.

Na lile jina la mchoraji wa Jumapili? Inasimuliwa kwamba alipolisikia alijibu kuwa kama ndiye mchoraji wa Jumapili, basi ni yule anayechora siku zote za juma. Ndugu zangu, tunaitwa Wakristo wa Jumapili, mara nyingi kwa haki. Tusilikane jina hilo. Tulitimize. Kitabu cha Mwanzo kinatuambia kwamba Mungu, baada ya kuumba, alitazama vyote alivyofanya akaona ni vyema sana, ndipo akastarehe. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1998 kuhusu Dominika, alieleza kwamba pumziko lile la Mungu lilikuwa pia ni kutazama kwa furaha. Dominika ni siku ya Mungu ya kutazama mara ya pili. Tunapewa siku hiyo ili Jumatatu tukirudi barabarani, tuwe tumepona macho.

Leo baada ya Misa, kabla hujawasha gari au kupanda daladala, geuka nyuma. Yule aliyeketi benchi moja nawe, ambaye mlipeana naye amani kwa haraka, anaitwa nani?

Nawatakia Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.